Sakafu Aliyoijua Bibi Dobi

Mama mkwe wangu alifua mashuka ya hospitali tangu usichana wake mpaka siku walipomwambia umri umefika, kapumzike. Mtaani kwetu wanaolijua jina alilopewa na wazazi wake ni wachache. Wengine wote, hata anayepita kuuza mboga, wanamwita Bibi Dobi, naye anaitika. Anasema jina la kazi ni bora kuliko jina la cheo, maana la cheo ukistaafu wanakuvua.

Nimeishi naye nyumba moja tangu nilipoolewa na mwanawe mkubwa, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyaona. Nikikosea mahali Mungu anisamehe, na yeye mwenyewe pia, ingawa yeye ni mzito kidogo wa kusamehe.

Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Vidole vimepinda kwa kukamua mashuka. Mashine ya kufulia ya hospitali, anavyosema, ilikuwa mgonjwa wa kudumu asiye na kitanda, ikipona leo kesho imelala. Basi wao walifua kwa mikono, wamesimama kwenye maji ndani ya mabuti ya mpira, wanawake tupu wa zamu moja, wakitaniana kutwa. Shuka, aliniambia, lina habari zote za mtu. Alijua nani anapona na nani hatoki, bila daktari kumnong'oneza. Alijua pia ni wagonjwa gani wanaogeshwa na wauguzi kitandani, kwa sababu mashuka yao yalikuja na unyevu wa maji na sabuni, si wa jasho. Hayo mashuka hakupenda kuyagusa. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza.

Macho yalianza kumwacha polepole. Ni presha ya macho, walisema, na dawa alizopewa zilichelewesha tu safari. Yalimwacha kwanza pembeni, kisha katikati, mpaka ikabaki tofauti ya mchana na usiku. Akaacha kushona vifungo. Akaacha kupika, siku alipoutia mchuzi sukari akidhani ni chumvi, tukala wote kimya kwa adabu, na yeye ndiye aliyecheka wa kwanza. Akaacha kusoma Kitabu. Nikawa namsomea mimi jioni, na nikiruka neno ananirudisha, maana sehemu kubwa anayo kichwani. Vyote hivyo aliviacha bila ugomvi, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Kimoja tu alikataa kukiacha, nacho ni kuoga mwenyewe.

"Mtu huogeshwa mara mbili," alinijibu nilipojitolea kumsaidia. "Akizaliwa, na akifa. Ya kwanza nimeshamaliza, mwanangu. Ya pili sina haraka nayo."

Sikurudia tena kumwambia.

Bafu letu liko mwisho wa korido. Ni chumba kidogo chenye dirisha la juu la nondo, koki moja na ndoo yake. Choo kina chumba chake pembeni. Alikuwa anaingia bila fimbo, anafunga komeo, anaacha ndala nyuma ya mlango. Kuanzia hapo nyayo zake ndizo zilizokuwa macho. Sakafu ile ililala kuelekea pembe ya mbali, chini ya koki, kwenye tundu la kutolea maji. Yeye aliufuata mteremko mpaka miguu ikutane na ndoo. Akimaliza kuoga, alipanda kwa kufuata njia ile ile mpaka kwenye ndala zake. Sisi huku nje tulisikia kopo linagonga ndoo, maji yanamwagika, kopo tena. Anatoka ananukia sabuni, kichwa amekifunga, na anataka chai.

Siku moja niliona damu kwenye ndala yake. Ilikuwa imekauka, ya tangu jana yake au juzi.

"Mama, mguu una nini?"

"Mguu una vidole."

"Nionyeshe unyayo."

"Wewe mkwe, umekuwa muuguzi lini?"

Nikaushika kwa nguvu kidogo. Kulikuwa na mkato mrefu chini ya dole gumba, ameufunga kitambaa alichokichana mwenyewe, safi kama kitambaa cha wodini. Kigae kimoja bafuni kilikuwa kimepasuka, kikainua ncha.

"Mficha uchi hazai, Mama," nilimwambia.

"Mimi nimeshazaa. Niache nifiche."

Mume wangu aliporudi kazini nilimweleza. Yeye ni mtunza stoo, mtu wa kupanga vitu kwenye rafu, na kitu kikikaa kombo hapati usingizi. Alikwenda bafuni na tochi, akapiga vigae kwa kisigino, vingi vikaitika kama debe tupu. Akasema vigae vyote vitolewe, viwekwe vipya.

Hapo lazima nieleze jambo la nyumba hii, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Bafu lilijengwa na marehemu baba mkwe kwa mikono yake. Alikuwa dereva wa lori, si mwashi, lakini alikuwa mtu asiyependa kulipa anachoweza kujaribu. Alipofariki, watoto wake walikubaliana bila kikao kwamba kazi ya Baba haivunjwi. Sakafu ilipoanza kuzama kidogo pembeni, vijana walipopata kazi walileta fundi, akatandaza saruji juu ya ile ya Baba, akainyoosha, akaweka vigae. Ikazama tena. Binti wa mwisho alipoolewa, ili wageni wasione aibu, akaja fundi mwingine, akatandaza juu ya kazi ya yule wa kwanza. Kila mara mlango ulikatwa chini kidogo ili ufunguke. Hakuna aliyejiuliza sakafu inakwenda wapi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba ufa, tukaziba tena juu ya kiraka, kwa heshima ya marehemu.

Fundi aliyekuja safari hii anajulikana kama Pima Tena. Ni mwembamba, amepita arobaini, ana pimamaji ndefu ya chuma ambayo haiachi hata akienda kunywa chai. Anaipenda kazi yake kupita kiasi. Kila bafu analomaliza analipiga picha kwenye simu, na ukimpa nafasi atakuonyesha mabafu mpaka ushikwe na haja.

Alisimama mlangoni, akaweka pimamaji sakafuni, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Mzee," alimwambia mume wangu, "hii si sakafu. Hii ni kilima."

"Ndiyo maana tumekuita."

"Mnaoga huku mmejishikilia wapi?"

"Fundi," Mama alisema kutoka kwenye kiti chake koridoni, "hatujakuita utucheke. Vunja."

Ndilo neno lililomruhusu. Mume wangu alimtazama mama yake, na mimi nikamtazama yeye. Kama mwenye mume amesema vunja, mtoto atasema nini?

Fundi akaanza na nyundo na patasi. Vigae vya juu vilitoka kirahisi. Chini yake vikatokea vingine, vyeupe vyenye maua ya bluu. Chini yake tena saruji nene, halafu ile sakafu nyekundu ya marehemu. Kama nguo za mtu mwenye homa, moja juu ya nyingine. Pima Tena alikuwa anasema peke yake: "Loo. Na huyu naye. Loo." Vibarua wakabeba kifusi mpaka uani.

Alipofika pembe ya mbali, chini ya koki, alipiga patasi mara moja tu na patasi ikaondoka. Haikuanguka pembeni. Iliingia chini, mkono wake ukabaki na nyundo. Tulisikia imefika mahali, lakini baada ya muda kidogo.

Akarudi kinyumenyume mpaka koridoni, ameshika ukuta.

"Mzee," aliuliza taratibu, "hapa chini pana nini?"

Mume wangu hakujua. Yeye alizaliwa bafu likiwa tayari. Tukamgeukia Mama.

"Hapo palikuwa na choo cha shimo," alisema. "Cha mwenye kiwanja wa kwanza. Tulipohamia, marehemu alisema atalijaza."

"Alijaza?"

"Alisema amejaza."

Fundi akalala kifudifudi koridoni, akamulika kwa tochi. Shimo lilikuwa limejazwa, ndiyo, lakini nusu. Kifusi kilikuwa kimeshuka na kutulia chini, na juu yake ulikuwa uwazi mweusi. Maji yaliyovuja kwenye tundu miaka yote yalikuwa yamekula udongo wa kingo. Juu ya uwazi huo ndipo ililala zege ya marehemu, na juu ya zege vigae vyetu vyote, kila tabaka tulilolileta ili kuisaidia likiisukuma chini zaidi. Ila kilichokuwa kimeishikilia zege hiyo hakikuwa nondo. Fundi alivuta kipande kilichokuwa kimejitokeza, kikakatika mkononi kama biskuti. Ni chuma cha duara, chenye kutu, na kwenye ncha kuna tundu la springi.

"Hiki ni nini sasa?" aliuliza.

"Lete," Mama alisema.

Alikipapasa. Akakizungusha mara moja.

"Kitanda," alisema. "Kitanda cha wodini. Vilivyochakaa waliviuza kwa bei ya vyuma, nikanunua viwili, tukavibeba kwa lori lake. Nilidhani aliviuza mbele." Akakizungusha tena. "Kumbe tulikuwa tunalala huku na kuoga kule, kote kitandani."

Vibarua walicheka, kisha wakakumbuka ni habari za marehemu wakanyamaza. Mume wangu alikaa kwenye ngazi ya uani. Aliukaza uso kama mtu aliyekuta pengo kwenye rafu aliyoihesabu mwenyewe. Hakuna aliyesema neno baya juu ya baba yake. Mimi nilichofikiri ni Mama, mwili wake mfupi umesimama peke yake juu ya vyuma vile kila asubuhi, na sisi tumekaa mezani tunasikiliza kopo. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaenda kupika.

Kazi ikawa kubwa kuliko ilivyopangwa. Zege ya zamani ikavunjwa yote. Shimo likajazwa mawe, na kifusi, na vigae vyetu vya zamani vyenyewe, vikashindiliwa. Zikafungwa nondo za kweli, ikamwagwa zege, ikafunikwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni ili isipasuke. Fundi alikuja kuikagua hata siku ambazo hakuwa na kazi nayo, akainama kuitazama kama mtoto mchanga.

Siku zile sisi wengine tulioga kwa jirani. Mama alikataa kwenda kwa watu. Alijifungia chumbani na beseni na kigoda, akaoga huko. Mkeka ulilowa, godoro likapata unyevu upande mmoja, na mume wangu akaanza maneno.

"Mama, si umwache mke wangu akusaidie? Ni siku chache tu."

"Siku chache ndizo zinazozoeleka," alisema Mama.

Zege ilipokomaa, Pima Tena alirudi na vigae. Vilikuwa vikubwa, vya rangi ya maziwa, vya kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Tundu la maji akalileta katikati, kwa sababu bomba jipya lilipita mbali na lile shimo. Mume wangu alitaka kila kitu kinyooke, na fundi hakuhitaji kuambiwa. Mteremko aliouweka ulikuwa wa maji tu. Ukiweka pimamaji utauona. Ukiweka mguu, hakuna kitu. Alipomaliza alimwaga ndoo nzima, na maji yote yakajikusanya yakaenda katikati kama watoto walioitwa chakula. Akapiga picha, mbele, pembeni, na juu ya kiti.

"Bibi," alimwambia Mama, "hili ndilo bora kuliko yote niliyofanya. Nenda kaoge, uniambie."

Mama alimpa mkono. Akaingia na taulo lake, akafunga komeo.

Tulikaa koridoni, fundi, mume wangu na mimi, kama watu wanaosubiri matokeo. Tulisikia maji. Tulisikia ndoo ikisukumwa kwa mguu, ikalia kwenye ukuta. Kopo likaanguka. Kisha muda mrefu hatukusikia kitu.

"Mwanangu," Mama aliita.

Hakuwahi kuita kutoka bafuni.

"Naam, Mama."

"Mlango uko wapi?"

"Huku, Mama! Fuata sauti yangu!"

"Sauti yako iko kila mahali."

Ni kweli. Vile vigae vya mpaka juu vilirudisha sauti kutoka pande zote. Mume wangu alipoongeza na ya kwake, "Huku Mama! Upande huu!" mambo yakazidi kuharibika. Akataka kuvunja mlango. Nilimshika mkono nikamwambia, baba watoto, mama yako hana nguo. Nikapiga magoti nikagonga mbao chini kabisa ya mlango, bila kusema, kama anayegonga sufuria kuita kuku. Mbao hailii kama kigae. Nikagonga hivyo mpaka nikasikia kiganja chake kinateleza upande wa pili, kinatafuta komeo.

Alitoka amejifunga taulo, povu limebaki nyuma ya sikio. Fundi alishatazama pembeni. Mama alisimama ameushika mwimo wa mlango, na uso wake haukuwa na hasira wala huzuni.

"Kesho," aliniambia, "utaniogesha."

Nilimwogesha. Aliketi kwenye kigoda katikati ya vigae vile vizuri, akanyoosha mkono nilipouhitaji mkono, akanipa mguu nilipouhitaji mguu. Nilifanya kwa upole niliojaliwa. Nilimsugua mgongo kwa dodoki, mgongo ambao nadhani haukuwa umesuguliwa vizuri tangu marehemu aondoke. Alikuwa kama yale mashuka yake, unayageuza yanageuka. Nikimaliza namwambia, tayari Mama, naye anasema asante, kwa adabu, kama anavyomshukuru konda.

Ikaenda hivyo. Chai alikunywa nusu. Jioni nikimsomea, niliruka mstari mzima na hakunirudisha. Hilo ndilo lililoniogopesha. Nikafunga Kitabu.

"Mama, kwenye bafu la zamani ulikuwa unajuaje?"

Alisugua unyayo mmoja juu ya mwingine.

"Sakafu ilikuwa inaniambia," alisema. "Inashuka, inashuka, hapo ndipo ndoo. Napanda, napanda, mlango huo. Tena ilikuwa inazidi kushuka kila mwaka, na mimi nazidi kuona. Hii mpya imenyooka mpaka imekuwa bubu."

"Ulijua inazama?"

"Nyayo ni zangu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngeitengeneza."

Nilimwombea usiku, na asubuhi nikampigia simu Pima Tena.

Alikuja na pimamaji yake, akidhani kigae kimeachia. Nilipomweleza, alikaa chini.

"Mama," aliniambia, "unataka niiharibu kazi?"

"Nataka bibi apate njia."

"Tumwekee kamba ya kushika basi, kutoka mlangoni."

"Na sabuni nitaishika kwa meno?" Mama aliuliza. Alikuwa ameshafika nyuma yetu, mkono ukutani. "Mkono mmoja kopo, mmoja sabuni. Miguu ndiyo haina kazi."

Mume wangu alisema sakafu hata haijamaliza mwezi, na sasa inataka kuvunjwa kwa nyundo, na watu duniani kote wamezeeka wakaogeshwa na wakwe zao na mbingu haijaanguka. Alikuwa amechoka. Mama alimpa mgongo. Alisema na fundi tu.

"Wewe fumba macho," alimwambia. "Ingia. Geuka mara tatu. Halafu utoke."

"Bibi, mimi bafu hili nalijua kigae kwa kigae."

"Vizuri. Basi hutachukua muda."

Akaingia kwa madaha, akafumba, akazunguka. Akaenda moja kwa moja kwenye koki, ikamgonga nyonga. Akageuka, akakanyaga ndoo, akakumbatia ukuta. Mume wangu alianza kucheka kwa pua, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya kile kitanda.

"Umefika?" Mama aliuliza.

"Bado, bibi."

"Sisi tupo. Chukua muda."

Alipofumbua alikuwa ameupa mlango mgongo. Akasugua nyonga, akatazama kazi yake kwa muda. Kisha akauliza swali la fundi: "Mguu wako unataka kusikia nini?"

Wakaanza kubishana. Fundi alisema atapandisha mstari wa vigae. Mama akasema atajikwaa. Fundi akasema atavigeuza vigae, maana mgongo wa kigae una mikwaruzo. Mama akakataa kwa ukali: mgongo wa kigae unakunywa uchafu, na yeye hakufua miaka yote ile ili akanyage uchafu uzeeni. Fundi akasema kokoto ndogo. Mama akasema anaoga, haendi shambani. Nilikwenda kuweka maji ya chai, niliporudi walikuwa bado, wameinama wote wawili, mikono sakafuni.

"Ubao wa kufulia," Mama alisema. "Unaujua? Wenye matuta matuta. Uchafu haukai, ukimwagia maji unaondoka. Na mguu kamwe hauwezi kuusahau."

Fundi alifikiri. Akachukua kigae kilichobaki, akakikata vipande vyembamba kama kidole, akavipanga kando kwa kando na nafasi kati yake, akamwita akanyage. Akakanyaga. Akasema vikaribiane zaidi. Akavisogeza. Akakanyaga tena, akarudi nyuma, akakanyaga kwa kisigino.

"Hapo," alisema.

Fundi alivunja mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kwenye ndoo, upana wa nyayo mbili. Kila alipopiga nyundo alikuwa anafumba macho. Akaweka vile vipande, akaziba nafasi kwa saruji nyeupe iliyokaa chini kidogo ya kigae, akazilainisha kingo zote kwa msasa, akazipitishia kiganja moja moja. Ilipokauka ilionekana kama kovu la upasuaji kwenye tumbo zuri. Hakupiga picha.

"Mtu akiuliza ni nani alitengeneza," aliniambia akifunga mfuko wake, "mwambie mliikuta hivyo."

Mama alikwenda kuoga alasiri. Mume wangu alisema anakwenda dukani, lakini alikwenda mpaka uani tu, akasimama chini ya lile dirisha la nondo. Mimi nilibaki koridoni na nguo za kukunja. Nilisikia kopo, nikasikia maji. Kopo tena. Kisha kimya, na ndani ya kimya kile sikukunja hata nguo moja.

"Mwanangu!"

Nilifika mlangoni bila kujua nimefikaje. Nikaanza kugonga mbao chini.

"Unagonga nini? Pako wazi."

"Umepotea, Mama?"

"Nitapotea wapi bafuni kwangu? Njoo unisugue mgongo. Mgongo tu, halafu utoke."

Niliingia. Alikuwa amesimama wima kwenye matuta yake, karibu na ndoo, amenipa mgongo, dodoki amelinyoosha nyuma kwa mkono mmoja kama anayempokeza mtu kijiti. Nikamsugua. Akanielekeza juu kidogo, kushoto, hapo hapo. Aliporidhika akalichukua dodoki lake.

"Haya," alisema.

Nikatoka, nikamfungia mlango.